Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa na uhuru ambao hakuuona

Rwanda ilipotangazwa kuwa nchi huru tarehe 1 Julai mwaka 1962, Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa alikuwa amelala kaburini kwa takriban miaka 3, katika kilima cha Mwima karibu na Nyanza. Alifariki ghafla mjini Bujumbura, uliokuwa ukiitwa Usumbura, tarehe 25 Julai 1959. Nchi aliyoiacha ilikuwa ufalme ulio chini ya udhamini wa Ubelgiji. Nchi iliyopata uhuru ilikuwa jamhuri yenye rais, na miezi 5 baadaye ikawa na katiba yake. Yaliyopita katikati ya tarehe hizo mbili yaliamua maisha ya Wanyarwanda kwa miongo mingi, na mpaka leo wapo wanaoamini kuwa yangekwenda vingine kama Rudahigwa asingefariki siku ile.

Alizaliwa mwezi Machi mwaka 1911, mwana wa Mwami Yuhi wa Tano Musinga na Kankazi. Wakati huo Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, nao Wajerumani waliitawala kwa watu wachache sana wakimwachia mfalme mambo mengi ya ndani. Lugha yao ya kazi pamoja na wenyeji ilikuwa Kiswahili. Makarani, askari na wafanyabiashara kutoka pwani walikuja nacho, na Musinga mwenyewe akajifunza kukisema na kukiandika. Jambo hilo husahaulika mara nyingi watu wanapozungumza juu ya Kiswahili nchini Rwanda kana kwamba kiliingia juzi: kilikuwamo ikulu ya Nyanza kabla ya Kifaransa.

Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ubelgiji yakitokea Kongo yaliingia Kigali na Wajerumani wakaondoka. Mtoto Rudahigwa alikuwa na umri wa miaka 5. Alisoma katika shule ya wana wa watwale mjini Nyanza iliyofunguliwa na watawala wapya, akajifunza Kifaransa na kazi za ofisi, kisha akamtumikia baba yake kama mwandishi. Mwaka 1929 alifanywa mtwale katika eneo la Nduga na Marangara, katikati ya nchi, mahali palipokuwa karibu sana na makao ya wamisionari wa Kikatoliki huko Kabgayi.

Mfalme wa Wazungu

Musinga hakuelewana na Wabelgiji. Alikataa kubatizwa, alilalamika kwamba watwale wake wanateuliwa na kuondolewa bila yeye kuulizwa, na kila mwaka uliopita alizidi kunyang'anywa madaraka. Askofu Léon Classe, mkuu wa Kanisa Katoliki nchini, aliwashauri watawala wamwondoe. Tarehe 12 Novemba 1931 Musinga aliambiwa kwamba yeye si mfalme tena. Alipelekwa Kamembe, magharibi mwa nchi, na baadaye akahamishiwa Moba, Kongo, ambako alifariki mwaka 1944. Hakurudi.

Siku 4 baada ya kuondolewa kwake, tarehe 16 Novemba, mwanawe alitangazwa kuwa mfalme na Gavana Charles Voisin. Kwa desturi, mfalme wa Rwanda hutajwa na abiru, wazee watunzaji wa siri za ufalme, nao ndio wanaojua kanuni za kumsimika na jina la utawala linalomfaa. Safari hii abiru waliwekwa kando. Kijana wa miaka 20 alivishwa cheo na afisa wa kigeni, askofu akiwa pembeni, huku baba yake angali hai. Haishangazi kwamba wengi walimwita Mfalme wa Wazungu.

Jina hilo lilimfuata kwa miaka. Alikuwa mrefu wa kupita mita 2, mwenye sauti ya upole, alivaa suti zilizoshonwa vizuri, aliendesha gari mwenyewe na kucheza tenisi. Kwa Wabelgiji alikuwa picha ya mfano ya Mwafrika aliyestaarabika, kama walivyopenda kusema wenyewe. Mwaka 1933 alimwoa Nyiramakomali. Hawakujaaliwa mtoto, wakaachana. Mwaka 1942 alifunga ndoa na Rosalie Gicanda, aliyekuwa Mkristo. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Oktoba 1943, Rudahigwa mwenyewe alibatizwa pamoja na mama yake, akapewa majina ya Charles Léon Pierre. Msimamizi wake wa ubatizo alikuwa Pierre Ryckmans, Gavana Mkuu wa Kongo ya Kibelgiji. Tarehe 27 Oktoba 1946 aliiweka nchi nzima chini ya Kristo Mfalme katika ibada kubwa. Watwale na watu wao walimfuata kanisani kwa maelfu.

Kwa wasiokuwa Wakatoliki haukuwa wakati mwepesi. Karibu shule zote zilikuwa mikononi mwa misheni, na bila shule hapakuwa na kazi ya ofisi wala utwale. Miaka ileile, kati ya 1943 na 1944, njaa iliyoitwa Ruzagayura iliua makumi ya maelfu ya watu. Ukame na ugonjwa wa viazi vilichangia, lakini vilevile ilikuwa miaka ya vita, ambapo wakoloni walidai chakula, ng'ombe na nguvu kazi kwa ajili ya Kongo. Wengi walivuka mipaka kwenda kutafuta chakula na kazi. Wale wanaomweleza Rudahigwa kama mtu aliyeanza kubadilika wakati huo wana sababu yao: mfalme aliyesimikwa na Wabelgiji aliona mipaka ya uwezo wake pale ambapo watu walikuwa wakifa na yeye hakuwa na ghala la kufungua.

Udhamini na dirisha la New York

Baada ya Vita Kuu ya Pili, hadhi ya nchi ilibadilika. Mwezi Desemba 1946 Umoja wa Mataifa uliidhinisha mkataba uliolifanya eneo la Ruanda-Urundi kuwa nchi ya udhamini chini ya Ubelgiji. Tofauti na koloni la kawaida, mdhamini alitakiwa kuwatayarisha wenyeji kujitawala, na alitakiwa kutoa taarifa kila mwaka mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York. Kila baada ya miaka 3 ujumbe wa baraza hilo ulikuja kutazama kwa macho: mwaka 1948, 1951, 1954 na 1957. Wanyarwanda waligundua kwamba kuna mlango mwingine wa kubisha mbali na ule wa gavana. Walianza kuandika barua.

Rudahigwa alitumia nafasi hiyo taratibu. Mwaka 1949 alitembelea Ubelgiji, akaona nchi ndogo yenye mfalme anayetawala chini ya katiba na bunge. Hapo palikuwa na kejeli ambayo hakuhitaji kuambiwa. Wabelgiji wenyewe walijitenga na Uholanzi mwaka 1830, wakaandika katiba mwaka 1831 na kumwekea mfalme wao mipaka, lakini Afrika walitawala bila bunge lolote la wenyeji.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi ya shuruti iliyoitwa uburetwa, ambayo watu wa kawaida walimfanyia mtwale bila malipo, iliondolewa na kugeuzwa kodi ya fedha. Kisha likaja jambo zito zaidi. Kwa karne nyingi uhusiano wa watu ulikuwa umefungwa na ubuhake: mtu asiye na ng'ombe alimwendea mwenye ng'ombe, akapewa mnyama wa kutunza, naye akawa na wajibu wa kumtumikia bwana wake maisha yake yote, na mara nyingi watoto wake pia. Chini ya ukoloni mzigo huo ulizidi, kwani bwana mwenye ng'ombe na mtwale mwenye viboko walikuwa mtu yuleyule. Tarehe 1 Aprili 1954 mfalme alitoa amri ya kuuvunja. Ng'ombe waligawanywa, thuluthi mbili kwa mtunzaji na thuluthi moja kwa bwana.

Amri hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya, na alianza na ng'ombe wake mwenyewe. Ila ilikuwa na tundu. Ng'ombe waligawanywa, malisho hayakugawanywa. Mtu aliyepata ng'ombe wake alijikuta bado anaomba ruhusa ya kuwalisha katika ardhi ya bwana yuleyule. Malalamiko ya ardhi yalibaki, yakakua, na miaka 5 baadaye yalikuwa miongoni mwa yaliyowasha moto.

Waswahili wa Kigali

Katika miaka hiyo Kigali ulikuwa mji mdogo. Richard Kandt, Mjerumani aliyefanywa mwakilishi wa serikali yake nchini, ndiye aliyeuanzisha mwaka 1907, na kando ya ofisi zake wakaa wafanyabiashara, mafundi na askari waliosema Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipoingia waliwatenga Waswahili katika makambi yao ya mjini, wakawawekea sheria zao za ukaazi na za kutembea, mbali na mamlaka ya watwale. Wamisionari walikiona Kiswahili kuwa gari la Uislamu na hawakutaka kifundishwe. Mtoto wa Biryogo au Nyamirambo aliyetaka kusoma mara nyingi alikuta mlango wa shule unadai jina la ubatizo.

Kwa hiyo mji huu una kumbukumbu yake ya pekee juu ya Rudahigwa. Wazee wa Nyamirambo huihusisha na jina lake shule ya Intwari, iliyofunguliwa katika miaka ya 1950 ili watoto Waislamu wapate kusoma bila kulazimishwa kubadili dini. Mfalme aliyeiweka nchi chini ya Kristo Mfalme alikuwa amefika mahali pa kutaka shule zisizokuwa chini ya misheni. Aliunda pia mfuko uliobeba jina lake, Fonds Mutara, wa kuwalipia vijana masomo, na alipigania bila kufaulu chuo kikubwa kijengwe Nyanza. Wajesuiti waliokusudiwa kukiendesha walipelekwa Usumbura.

Suala la elimu si dogo katika hadithi hii. Nchi inayotaka kujitawala huhitaji watu wa kuandika sheria, kuhesabu kodi na kuendesha mahakama. Wakoloni wa Kiingereza huko Marekani walipoasi mwaka 1776 walikuwa tayari na mabaraza yaliyochaguliwa, mawakili wengi na magazeti, na mabaraza hayo yalikuwa na zaidi ya miaka 100 ya mazoea. Hata hivyo iliwachukua miaka 11 kufika kwenye katiba ya mwaka 1787, baada ya mpango wao wa kwanza wa muungano kuwashinda. Rwanda ya mwaka 1952 ndiyo kwanza ilikuwa inapewa mabaraza.

Baraza bila wapiga kura

Amri ya Wabelgiji ya tarehe 14 Julai 1952 iliunda ngazi za mabaraza kuanzia kwa mtwale mdogo hadi Baraza Kuu la Nchi, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Mwami. Mwaka 1953 wajumbe walipatikana kutokana na majina yaliyopendekezwa na watwale wenyewe. Mwaka 1956 wanaume wote watu wazima walipiga kura, lakini kwa ngazi ya chini tu. Ngazi za juu zilichaguliwa na waliochaguliwa, hatua kwa hatua, mpaka Baraza Kuu likawa na Watutsi karibu watupu, ilhali Wahutu ndio waliokuwa wengi nchini.

Majina haya mawili wakati huo yalikuwa yamekwisha kuwa mhuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Wabelgiji waliyaandika katika vitambulisho vya kila mtu, na waliwapokonya Wahutu utwale waliokuwa nao katika sehemu mbalimbali za nchi. Kilichokuwa hali ya maisha inayoweza kubadilika kikawa mstari wa kuzaliwa nao. Shule za watawala zilipokea hasa wana wa Watutsi. Ni lazima kulisema hili wazi, kwa sababu bila hilo mwaka 1957 hauwezi kueleweka.

Mwezi Februari mwaka huo Baraza Kuu lilitoa tamko kwa ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuwa unakuja. Lilidai elimu ya juu, nafasi zaidi za Wanyarwanda serikalini na safari ya haraka ya kujitawala. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Machi 1957, Wahutu 9 wenye elimu, mmoja wao Grégoire Kayibanda, walitoa waraka wao. Wao walisema kwamba kabla ya kumwondoa Mbelgiji ni lazima ukiritimba wa Watutsi katika siasa, mali na elimu uondolewe, na walitaka vitambulisho viendelee kuonyesha kabila. Nyaraka hizo mbili ziliwekwa mbele ya ujumbe uleule. Moja ilimwona adui nje, nyingine ilimwona ndani.

Hapa Rudahigwa alikuwa na nafasi ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Alikuwa mfalme wa wote, amevunja ubuhake, na alisikilizwa vilimani kuliko gavana. Mwaka 1958 iliundwa kamati ya kuchunguza uhusiano wa Wahutu na Watutsi, nayo ikakutanisha watu wa pande zote mbili. Wakati ikiendelea, baadhi ya wazee wa ikulu waliandika barua wakikana kuwa Wahutu wana undugu wowote na Watutsi wa kuwapa haki ya kugawana urithi. Barua ile ilikuwa sumu. Mwezi Juni Baraza Kuu lilifunga mjadala, na mfalme akatangaza kwamba hakuna tatizo la Wahutu na Watutsi nchini, akaagiza maneno hayo yaondolewe katika hati rasmi na kuwaonya wale aliowaona kuwa wanaleta mgawanyiko.

Wazo la kuyafuta majina hayo katika hati lilikuwa jema, na nchi ililirudia miaka mingi baadaye, baada ya gharama isiyosemeka. Ila kuyafuta katika karatasi bila kugusa ardhi, utwale na viti vya shule kulikuwa ni kumwambia mwenye kulalamika kwamba halalamiki. Waliotegemea kwamba mfalme angekuwa mwamuzi waliondoka na hisia kwamba amechagua upande. Ni kosa kubwa la utawala wake, na halipunguzwi na ukweli kwamba wapinzani wake walisaidiwa na watu wenye nia zao.

Wabelgiji walikuwa wamekwisha kubadili upande. Wale waliojenga utawala wao juu ya Watutsi kwa miaka 30 waliona sasa kwamba Watutsi wenye elimu ndio wanaodai uhuru upesi, na kwamba mfalme waliyemsimika hawaelekei tena. Uhusiano wake na Jean-Paul Harroy, gavana aliyefika mwaka 1955, ulizidi kupoa. Mwezi Aprili 1959 kikundi cha wabunge wa Ubelgiji kilizunguka nchi kukusanya maoni juu ya mustakabali wa kisiasa. Ghana ilikuwa huru tangu mwaka 1957, na Januari mwaka huohuo wa 1959 ghasia za Léopoldville zilikuwa zimewatikisa Wabelgiji upande wa Kongo.

Siku moja Usumbura

Rudahigwa alikwenda Usumbura mwishoni mwa mwezi Julai. Siku ya Jumamosi tarehe 25 alimwendea daktari, akadungwa sindano, akaanguka na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 48. Taarifa rasmi ilisema ni kuvuja damu kwenye ubongo. Maiti haikupasuliwa kuchunguzwa.

Wanyarwanda wengi hawakuiamini taarifa hiyo siku ile, na wengi hawaiamini hata sasa. Mtu mwenye afya, katika mji wa gavana asiyepatana naye, kwa mkono wa daktari Mbelgiji: mambo hayo matatu yalitosha. Ushahidi wa kuthibitisha kwamba aliuawa haujatolewa, na uchunguzi ambao ungeondoa shaka haukufanyika. Shaka yenyewe ikawa nguvu ya kisiasa.

Alizikwa Mwima tarehe 28 Julai mbele ya umati mkubwa, gavana akiwapo. Desturi ilidai mfalme asizikwe kabla mrithi hajatajwa, naye hakuacha mtoto. Wabelgiji walitarajia kupata muda wa kupanga. Pale kaburini, bila wao kujua, abiru walimtangaza Jean-Baptiste Ndahindurwa, ndugu yake kwa baba, kijana wa miaka 23, kwa jina la Kigeli wa Tano. Umati ulishangilia. Wazee waliowekwa kando mwaka 1931 walikuwa wamelipiza, na Harroy hakuwa na la kufanya ila kukubali. Kigeli aliapishwa tarehe 9 Oktoba akiahidi kutawala kama mfalme wa kikatiba.

Ahadi hiyo haikupata hata mwezi mmoja wa kujaribiwa. Chama cha UNAR, kilichotaka uhuru wa haraka chini ya ufalme, kilizaliwa Septemba na kufanya mkutano wake mkubwa mjini Kigali. Miongoni mwa Waswahili wa mji walikuwamo waliokiunga mkono. Kayibanda na wenzake waliunda PARMEHUTU. Tarehe 1 Novemba 1959 Dominique Mbonyumutwa, mtwale mdogo Mhutu, alishambuliwa na vijana wa UNAR huko Byimana. Uvumi ulienea kwamba amekufa, ingawa alikuwa hai. Nyumba za Watutsi zilichomwa moto kilima baada ya kilima, watu wakauawa, nao upande wa ikulu ukajibu kwa kuwasaka viongozi wa Kihutu. Kanali Guy Logiest aliletwa na askari kutoka Kongo, akapewa madaraka makubwa, akawaondoa mamia ya watwale Watutsi na kuweka Wahutu mahali pao.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. PARMEHUTU ilishinda uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 1960. Kigeli alikuwa nje ya nchi na Wabelgiji wakamzuia kurudi. Umoja wa Mataifa ulitaka uchaguzi wa wabunge usogezwe ili watu wapatane kwanza. Jibu lilitolewa Gitarama tarehe 28 Januari 1961, pale madiwani na wakuu wa serikali za mitaa walipokusanyika na kutangaza jamhuri, Mbonyumutwa akiwa rais wa muda. Kura ya maoni iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa tarehe 25 Septemba mwaka huo iliukataa ufalme kwa takriban asilimia 80. Mwezi Oktoba Kayibanda akachaguliwa kuwa rais. Uhuru ulifika tarehe 1 Julai 1962, na katiba ikatangazwa tarehe 24 Novemba. Kigali, uliokuwa mdogo kuliko Nyanza kwa heshima na kuliko Butare kwa shule, ukawa mji mkuu.

Katiba ile ilikuwa na bunge, mahakama na orodha ya haki za raia. Wakati inatangazwa, zaidi ya Wanyarwanda 100,000 walikuwa wakimbizi Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika, na katika muda mfupi vyama vingine vyote vilikuwa vimezimwa. Watoto wa wakimbizi hao waliokulia Tanganyika na Kongo walikisema Kiswahili kama lugha yao ya shuleni na sokoni. Wengi walirudi nacho Kigali baada ya mwaka 1994, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya Rwanda.

Malkia Rosalie Gicanda hakuondoka nchini. Aliishi Butare kwa miaka mingi, mjane asiyejihusisha na siasa, mpaka tarehe 20 Aprili 1994, askari walipomchukua nyumbani kwake na kumwua katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Alikuwa mzee mgonjwa. Kaburi lake liko Mwima, pamoja na la mumewe.

Rudahigwa leo ametajwa katika daraja la mashujaa wa taifa liitwalo Imena, na hukumbukwa kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa. Nyumba yake ya kisasa katika kilima cha Rukari, Nyanza, iliyojengwa mwanzoni mwa utawala wake, ni makumbusho, na jirani yake limejengwa upya kasri la nyasi la wafalme waliotangulia. Kigeli wa Tano alifariki nchini Marekani mwezi Oktoba 2016, baada ya zaidi ya miaka 55 uhamishoni. Mwili wake uliletwa nyumbani na kuzikwa Mwima mwezi Januari 2017, mahali palepale alipotangazwa kuwa mfalme.